Miaka ya Uchakavu

Kila ilipotimu saa tisa na nusu alasiri, Ivy Pringle alivaa koti lake la sufu, akafunga vifungo vyote mpaka kidevuni, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango na mkoba mapajani, kama abiria anayengoja treni. Hakusema neno mpaka binti yake, Noeline, aliporudi kutoka kusafisha madarasa ya shule. Hapo ndipo alipouliza.

"Tunaondoka saa ngapi?"

"Kwenda wapi, mama?"

"Nyumbani. Alec atatoka kiwandani akute jiko limezima."

Alec, babake Noeline, alikuwa kaburini mwaka wa kumi na tisa huo. Noeline alikuwa amejaribu kila njia. Mwanzoni alimwambia mama yake ukweli, na mama akalia kilio cha msiba mbichi, alasiri baada ya alasiri, hata Noeline akaona kwamba anamuua baba yake mara saba kwa wiki. Akabadili. Akawa anasema, "Hapa ndipo nyumbani, mama. Unakaa na mimi na Merv." Ivy alitazama jikoni taratibu, mapazia, jokofu, kalenda ya duka la mbegu, kwa adabu ya mgeni.

"Ni pazuri," alisema. "Lakini tumeshakaa vya kutosha. Tusiwachoshe wenyewe."

Nyumbani kwa Ivy kulikuwa jumba la Ardgowrie. Hakuna aliyekulia mji wa Oamaru asiyeijua. Ukisimama bandarini ukainua macho, inakukabili juu ya kilima: jiwe jeupe tupu, madirisha marefu, na mnara wenye meno juu kama ngome ya wafalme, ingawa mfalme hajawahi kulala humo. Aliijenga Strachan mmoja mwaka 1881, tajiri wa ngano na kondoo, apate kuonekana na kila meli iingiayo. Ngano ikaanguka bei, wana wakaenda vitani, wengine hawakurudi. Vita vya pili vilipokwisha, askari wakarejea na wake zao na hakuna paa la kuwafunika, warithi waliikata nyumba vipande saba kwa kuta za mbao, wakaikodisha. Pringle walipewa chumba cha chini ya mnara na robo ya ukumbi wa dansi. Noeline alikuwa na miaka mitano. Alitoka humo akiwa bibi harusi.

*

Mwezi wa tatu mwaka ule wa 1998, Merv, mumewe Noeline, alirudi nyumbani mapema, akavua buti nje kama kawaida yake, akaingia jikoni na soksi. Alikuwa mwashi wa mawe, na mtu wa maneno machache. Siku ile alisimama tu katikati ya jiko akitabasamu.

"Wamenipa," alisema.

"Wamekupa nini?"

"Ardgowrie. Mnara wote na upande wa baharini. Mwaka mzima wa kazi, Noeline. Kazi ya mawe hasa."

Noeline aliweka chini kisu cha viazi akamkumbatia, na vumbi lake likampaka kifuani. Alijua maana yake. Kwa miaka mingi Merv alikuwa akimwaga saruji kwenye vibaraza vya watu na kutengeneza kuta za bustani, na tindo zake nzuri za kuchongea mawe, alizorithi kwa bwana aliyemfundisha kazi, zimelala kabatini zimefungwa kwa kitambaa chenye mafuta.

Walikula nyama ya kondoo na viazi. Ivy aliketi kati yao, akikata nyama yake vipande vidogo sana.

"Wanataka irudi ilivyokuwa siku ya kwanza," Merv alisema. "Elfu moja mia nane themanini na moja. Kila kitu."

"Kila kitu maana yake nini?"

Merv alitafuna muda mrefu. "Mbao za ndani zitatoka. Zile kuta za kati."

"Kuta zetu."

"Ni mbao na karatasi tu, Noeline."

"Najua ni nini. Nililala nyuma yake miaka kumi na sita."

Ivy aliinua macho. "Msigombane mezani," alisema. "Kina Duggan watasikia huko nyuma ya ukuta."

*

Noeline alikwenda kumwona Hilary Strachan ofisini kwa kamati iliyosimamia ukarabati wa Ardgowrie, kwenye jengo la benki ya zamani karibu na bandari. Hilary alikuwa kitukuu cha yule wa ngano, mama wa miaka hamsini na ushee, mwenye sauti ya upole na skafu nzuri. Alizaliwa na kukulia mji wa mbali, Christchurch. Ardgowrie hakuwahi kulala hata siku moja. Alionyeshwa picha zake na bibi yake tangu utotoni, akaipenda kwa picha, na sasa ndiye aliyekuwa akihangaika huku na huku ili irudishwe.

"Naomba jambo dogo," Noeline alisema. "Mama yangu ana miaka themanini na minne, kumbukumbu zinamtoka. Anaulizia kule kila siku. Nilitaka nimwingize mara moja, dakika kumi tu, kabla kuta hazijatolewa."

"Oh, Noeline." Hilary alimshika mkono. "Ningependa sana. Lakini ni eneo la ujenzi. Bima haituruhusu hata sisi wenyewe bila kofia ngumu. Baada ya ufunguzi, mama atakuwa mgeni wetu wa heshima."

"Baada ya ufunguzi hakutakuwa na chumba cha kumwonyesha."

"Ndiyo maana ya kurejesha nyumba." Alisema taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto.

Juu ya meza kulikuwa na mabango yatakayotundikwa ukumbini, ya kuwasimulia wageni historia ya nyumba. Noeline hakukusudia kuyasoma, ila macho yalikwenda yenyewe. La kwanza lilimhusu Strachan na meli zake. La pili, dansi na wageni mashuhuri. La nne, kazi ya kamati. La tatu lilikuwa fupi kuliko yote: *1946 hadi 1971. Miaka ya uchakavu. Nyumba ilikodishwa kiholela, ikapoteza hadhi yake.*

Akalisoma mara ya pili.

"Uchakavu ndio sisi?"

"Siyo ninyi. Nyumba. Tunazungumzia hali ya nyumba."

"Mama yangu alikuwa akipiga magoti kila Jumamosi kusugua zile mbao za sakafu. Alitumia mchanga na sabuni ya magadi. Mikono ilikuwa inapasuka."

"Sina shaka," Hilary alisema, na uso ulimwiva kidogo. Simu ikalia, akainua kidole kuomba radhi, akaongea na mtu habari za vigae. Noeline alipokuwa amefika mlangoni Hilary alifunika simu kwa kiganja. "Noeline, siku ya ufunguzi tutahitaji mikono ya kumimina chai. Nimekufikiria wewe. Utatusaidia?"

"Nitaangalia," Noeline alisema.

Alitembea mpaka nyumbani kwa miguu, ingawa upepo wa baridi wa kusini ulikuwa umeshaanza na hakuvaa skafu.

*

"Nitamwingiza," alimwambia Merv jioni ya Ijumaa. "Jumapili hakuna mafundi. Funguo unazo wewe. Mtu akikasirika, anikasirikie mimi."

Merv alikuwa kwenye sinki akinawa. Alinawa mikono, akanawa viwiko, akarudia mikono. Maji meupe ya chokaa yalishuka yakizunguka.

"Merv."

"Nimeziangusha zile kuta Jumatano," alisema bila kugeuka.

"Chumba chetu pia?" Noeline akauliza.

"Ndicho kilichoanza. Kilikuwa kinaziba mguu wa mnara."

"Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Siku tatu umekaa mezani na mama yangu, unampa chumvi, na chumba chake umekitia kwenye lori."

"Ningekwambiaje?"

"Kwa mdomo. Kama watu."

Merv alifunga bomba. Alipogeuka, alionekana mzee. "Unajua nani aliupaka ule mnara saruji, mwaka wa sabini na mbili? Ni mimi. Nilikuwa kijana, tajiri wangu alisema paka, nikapaka. Jiwe letu lile ni laini, linapumua. Ukilifunga kwa saruji, maji yanakwama ndani, linaoza kwa nyuma. Sasa nikibandua linamwagika kama unga. Kila jiwe bovu ninalotoa ni kosa langu. Nimepewa nafasi ya kulirekebisha kabla sijafa, na masharti ni yao. Wamesema toa mbao. Nimetoa."

"Sijakuuliza habari za mawe."

"Najua."

"Nilitaka kuambiwa tu, Merv. Nikaage."

Noeline alimwachia vyombo vyote sinkini, akaenda kukaa na mama yake. Ivy alikuwa bado amevaa koti.

*

Siku mbili hawakusemezana ila kwa mambo ya lazima. Jumapili, ilipofika saa tisa na nusu, Ivy aliuliza swali lake. Kabla Noeline hajafungua kinywa, Merv alisimama.

"Sasa hivi, mama," alisema. "Gari liko tayari."

Noeline alimtazama. Yeye alikuwa akitafuta funguo mfukoni.

Waliingia kwa mlango wa nyuma, uliokuwa mlango wao siku zote. Merv alimvika mama mkwe wake kofia ngumu ya njano, ikamfika nyusi. Ukumbi wa dansi ulikuwa wazi kutoka ukuta hata ukuta, mweupe, wenye mwangwi, dari ya plasta imechongwa mashada ya zabibu ambayo Noeline hakuwahi kuyaona mazima. Utotoni mwake kila familia ilikuwa na mashada yake mawili matatu. Ivy alisimama akamshika binti yake mkono kwa nguvu.

"Hapa ni kanisani?"

"Hapana, mama. Ni Ardgowrie."

"Siyo. Hapa sipajui. Nipeleke nyumbani, tafadhali." Sauti ilianza kutetemeka. "Tafadhali, dada. Mume wangu atanitafuta."

Haya ndiyo Noeline aliyoyataka kwa nguvu zote. Akamgeuza mama yake ili watoke, na katika kugeuka huko Ivy akaelekea dirisha la mnara. Nje yake kulikuwa na ule ukuta mrefu wa bandari ukiingia baharini, na mawimbi yakiupanda, kama yalivyoupanda tangu enzi hizo.

Ivy aliachia mkono.

Alianza kutembea, lakini hakukata moja kwa moja. Alikwenda hatua nane kandokando ya kitu kisichoonekana, akakunja kona, akajipinda ubavu kama mtu anayepita kati ya meza na kabati, akanyooka tena. Merv aliinamisha macho sakafuni. Pale zilipokuwa kuta, mbao zilibaki na mistari iliyopauka, upana wa kiganja. Viatu vya Ivy havikuukanyaga hata mmoja. Merv akavua kofia yake.

"Noeline alaze kichwa chake mbali na ile kona," Ivy alisema, bila kumsemesha mtu. "Inatoa unyevu."

Mlango mkubwa wa mbele ulifunguka. Alikuwa Hilary, ameona gari.

"Merv, tulikubaliana kabisa kwamba..." Akakatiza, maana yule bibi mwenye kofia ya njano alikuwa akimjia kwa haraka.

"Ingia, mama, ingia, lakini futa miguu, nimesugua jana," Ivy alisema. "Umetoka manispaa? Ni kuhusu unyevu?"

Hilary alimtazama Noeline. Noeline hakumsaidia.

"Ndiyo," Hilary alisema mwishowe, akifuta viatu vyake pasipo na zulia la kufutia. "Kuhusu unyevu."

"Mlisema mtakuja kabla ya baridi. Mtoto anakohoa. Si paa, nimeshawaambia wale wenzako, wakija wanatazama paa. Ni ule mfereji wa maji ya mvua, wa bati la risasi, nyuma ya meno ya mnara. Ndege wanajenga humo. Alec anausafisha kila mwaka majani yakianza kuanguka, anapitia kile kidirisha cha ngazini, na kijiko amekifunga kwenye mpini wa ufagio. Akisafisha, pakavu. Mwaka alioumia mgongo hakusafisha, tukalowa."

Merv alipiga hatua mbele. "Kidirisha gani, mama?"

"Cha ngazini. Nyuma ya bomba la moshi. Alikipigia ubao, watoto wasianguke." Akamgeukia Hilary. "Huyu ni nani?"

"Fundi," Hilary alisema.

"Basi mwambie asikilize."

Merv alipanda ngazi za mnara mbili mbili, mtu wa miaka sitini. Wakasikia ubao ukibanduliwa. Aliposhuka alikuwa amebeba kwenye kofia yake donge la nyasi, manyoya na udongo mweusi, vikidondosha maji.

"Wiki sita nimetafuta maji yanaingilia wapi," alisema. "Mfereji mzima umejaa hivi. Ni uchafu wa miaka ishirini, thelathini." Alimtazama Hilary, si kwa ukali. "Haujasafishwa tangu wapangaji walipohamishwa."

Hilary aliliangalia lile donge muda mrefu. Akasema tu, "Nitahitaji funguo zibaki ofisini siku za Jumapili, Merv. Samahani. Ni bima." Lakini alimfungulia Ivy mlango wa mbele, akamshika kiwiko kwenye zile ngazi pana, moja baada ya moja, mpaka chini.

Gari lilipofika chini ya kilima, Ivy aligeuka akatazama nyuma.

"Maskini yule mama," alisema. "Nyumba kubwa vile, na moto hakuna. Hata watu hana."

*

Ivy hakuacha kuvaa koti. Kilichobadilika ni swali. Siku zile alitaka waende wakamjulie hali yule mama wa manispaa, asije akafa kwa baridi. Noeline na Merv walirudi kusemezana kidogo kidogo, kwanza kwa sababu ya Ivy, kisha kwa sababu ya chai, na mwishowe wakaacha kutafuta sababu. Merv alieleza jinsi jiwe linavyokauka. Noeline akasikiliza.

Alhamisi ya wiki ya pili Hilary alibisha hodi, mlango wa mbele, na bahasha mkononi. Ivy alifurahi kupita kiasi.

"Umekuja. Kaa hapa karibu na jiko. Noeline, mpe kitu cha moto."

Noeline alikuwa ametoa kwenye oveni mikate ya jibini iliyoviringishwa. Hilary alikula mmoja akiwa na koti, wa pili akiwa amelivua. Kisha akatoa karatasi. Lilikuwa bango la tatu. Maneno ya uchakavu yalikatwa kwa wino, na chini yake palikuwa patupu.

"Merv amenionyesha tarehe za magazeti aliyoyakuta yamekwama mferejini, yote ya baada ya wapangaji kuondoka," Hilary alisema. "Nyumba ilianza kuoza ilipobaki tupu. Tuliandika kinyume." Alikohoa. "Kamati imenipa mistari minne. Niliomba kumi. Nadhani itatosha majina."

"Mistari minne," Noeline alisema.

"Minne. Nisaidie, tafadhali."

Noeline alifikiri. Duggan, Parata, wale dada wawili. Baada ya hapo akakwama. Alikuwa mtoto, na watoto huwajua watu kwa mbwa zao. Akamwambia mama yake, bila matumaini makubwa, maana asubuhi hiyo Ivy hakukumbuka kama amekunywa uji.

"Mama, kina nani walikaa Ardgowrie?"

"Walikaa?" Ivy alishangaa. "Wanakaa. Jikoni ni kina Duggan, watoto sita, mume anakunywa lakini hana matata. Maktabani ni kina Parata. Huia Parata akipika samaki hali peke yake, lazima akugongee. Juu kuna akina dada Beattie, hawasemezani mwaka wa nne huu na sukari wanakula bakuli moja. Van Dorp, Mholanzi fundi wa saa. McGeown. Yule mjane Tull na mwanawe wa kifafa, kwenye chumba cha silaha, hawasumbui mtu."

Hilary aliandika haraka. "Na mnarani?"

"Mnarani ni Pringle. Alec, wa kiwanda cha nyama. Mkewe ana maneno mengi huyo." Akacheka peke yake. "Wana binti mmoja. Mpole. Kutwa yuko dirishani anamngoja baba yake apande kilima. Nampenda sana yule mtoto. Anaitwa..."

Alisita. Vidole vyake vilipapasa kitambaa cha meza, mara huku mara huku. Kisha akamgeukia Noeline, kwa haya, kama unavyomwomba mtu usiyemjua akusaidie.

"Labda wewe ulimjua?"

"Nilimjua," Noeline alisema.

"Anaitwa nani?"

"Noeline."

"Ndiye huyo huyo." Uso wa Ivy ulifunguka. "Noeline. Mwandike na yeye, mama, usimsahau. Siku nyingi sijamwona, sijui yuko wapi."

Mistari minne ilikuwa imekwisha kujaa. Hilary akaigeuza karatasi upande, akaliandika lile jina pembeni.